Ni Nani Afaaye Kazi ya Eksirei?

Kijana amalizapo masomo ya sekondari, jamaa zake huketi pamoja kushauriana juu yake. Baba huwa amekwisha kupima moyoni ni ng'ombe wangapi watakaouzwa, au ni mavuno mangapi ya kahawa yatakayoingia katika karo. Kwa hiyo si vema kuchagua kazi kwa kusikia jina lake tu. Mojawapo ya kazi ambazo vijana wengi huzitamani ni ile ya kupiga picha za ndani ya mwili hospitalini, nayo yapasa kupimwa kabla ya fedha kutoka.

Kazi hii ilianza tarehe 8 Novemba, 1895, wakati Profesa Wilhelm Röntgen, katika mji wa Würzburg, Ujerumani, alipogundua mionzi ipenyayo nyama lakini huzuiwa na mifupa. Kwa kuwa hakuijua asili yake, aliiita X, herufi ambayo wanahesabu huitumia kwa jambo lisilojulikana. Baadaye zilikuja mashine nyingine: ultrasaundi, itumiayo sauti isiyosikika kwa masikio, siti-skani, iliyompiga picha mgonjwa wa kwanza mjini London mwaka wa 1971, na em-ar-ai, yenye sumaku ya nguvu nyingi mno. Afrika nayo ina sehemu yake katika habari hizi. Allan Cormack, mmoja wa mabingwa wawili waliopewa Tuzo ya Nobel mwaka wa 1979 kwa ajili ya siti-skani, alizaliwa Johannesburg, na wazo lake alilipata akifanya kazi katika hospitali ya Groote Schuur, Cape Town.

Wako wadhanio kwamba mpiga picha kazi yake ni kubonyeza kidude, basi. Sivyo. Mzee aliyevunjika nyonga hulia akiguswa, na hata hivyo lazima alazwe sawasawa. Mtoto mdogo hatulii. Mwanamke lazima aulizwe kwa adabu kama ana mimba. Tena kila picha hutiwa alama ya upande wa kulia au wa kushoto, kwa maana alama ikikosewa, daktari aweza kuitibu sehemu iliyo nzima na kuiacha iliyo gonjwa. Picha ya kifua ikipigwa mgonjwa akiwa amekaa upande, kivuli chake chaweza kumdanganya daktari. Basi asiye na subira, na mwenye kupenda mashine kuliko watu, ataisumbukia kazi hii maisha yake yote.

Jambo la pili ni hofu ya mionzi. Hofu hiyo si ya bure. Clarence Dally, msaidizi wa Thomas Edison huko Marekani, aliungua kwa mionzi hata mikono yake ikakatwa, naye akafa mwaka wa 1904. Lakini siku zile hatari haikujulikana. Leo mfanyakazi hufuata kanuni tatu: muda mfupi, umbali, na kinga ya risasi. Akisimama mara mbili ya umbali wa kwanza, mionzi imfikiayo hupungua ikawa robo tu. Kifuani huvaa kipimo kidogo, kisha hesabu yake hukaguliwa. Azishikaye kanuni hizi hufanya kazi hata akastaafu salama. Mzembe hujidhuru mwenyewe, na kuwadhuru wengine.

Jambo la tatu halisemwi mara nyingi. Mpiga picha humwona mgonjwa kwa dakika chache, kisha humpeleka kwa wengine. Kuisoma picha na kutoa hukumu ya ugonjwa kwa kawaida ni kazi ya daktari wa mionzi. Kwa hiyo mpiga picha aweza kuona dalili mbaya, naye humpasa kumpasha daktari habari upesi, huku akimzuilia mgonjwa ulimi wake. Yule atakaye kumwuguza mtu siku hata siku mpaka apone, huenda uuguzi ukamfaa zaidi.

Kuhusu masomo, fizikia, biolojia na hesabu ni nguzo. Nchini Kenya, Chuo cha Mafunzo ya Utabibu, kilichoanzishwa mwaka wa 1927, hufundisha kazi hii kwa stashahada ya miaka mitatu.

Kijana mwenye busara atakwenda kwanza katika hospitali iliyo karibu, aombe ruhusa ya kuongea na wafanyakazi wa chumba cha eksirei. Awaulize juu ya zamu za usiku, juu ya kuwainua wagonjwa wazito, na juu ya nafasi za kazi. Kadhalika baba yake na ahakikishe kwamba chuo kimekubaliwa na serikali. Mkulima huutazama udongo kabla ya kutia mbegu. Na mwana ni mbegu yenye thamani kuliko zote.