Mti wa Krismasi: Ukatwe Shambani au Ununuliwe Dukani?

Ufikapo mwezi wa Desemba, barabara itokayo Mwatate kupanda milima ya Taita hujaa magari. Watoto wa Wusi waliokwenda kutafuta kazi Voi, Mombasa na Nairobi hurudi nyumbani kwa sikukuu, nao hawaji mikono mitupu. Juu ya magari huonekana magunia ya unga, magodoro, mitungi ya gesi na, siku hizi, sanduku jembamba la karatasi ngumu lenye picha ya mti wa kijani uliopambwa kwa taa. Ndani yake umo mti wa Krismasi wa plastiki, umekunjwa kama mwavuli.

Tuseme kijana mmoja, karani mjini Mombasa, afika kwa wazee wake Wusi na sanduku la namna hiyo. Baba yake ana mistari miwili ya miti ya saipresi mpakani mwa shamba, na kila mwaka amezoea kukata mti mmoja mchanga na kuusimamisha sebuleni ndani ya debe la mchanga.

"Baba," asema kijana, "mwaka huu hakuna haja ya kukata. Huu hauozi wala haupukutishi majani, na mwakani tutautumia tena. Kisha misitu yetu yazidi kupungua."

"Mwanangu," ajibu mzee, "mti nilioupanda kwa mkono wangu, wanikatazaje kuukata? Na huo wako, siku utakapovunjika, utautupa wapi?"

Mabishano ya namna hiyo hayafai kumalizwa kwa kicheko tu. Kila mmoja wa watu hawa wawili ana sehemu ya kweli, na shauri lenyewe lagusa mambo makubwa kuliko mapambo ya siku chache: lagusa mfuko wa mkulima, maji ya chemchemi, na misitu michache iliyobaki katika milima hii.

MITI YOTE MIWILI NI MIGENI

Kwanza yafaa ikumbukwe kwamba hakuna mmoja kati ya miti hiyo uliotoka kwa wahenga wa Taita. Desturi ya kupamba mti wakati wa Krismasi ilikuzwa Ujerumani. Huko Uingereza ilienea sana baada ya mwaka 1848, gazeti moja la London lilipochapisha picha ya Malkia Victoria na mumewe Albert, aliyekuwa Mjerumani, wakiwa na watoto wao kando ya mti uliopambwa. Wamisionari wa Kiingereza walipokuja Taita, ambako Joseph Wray alianza kazi huko Sagalla mwaka 1883, walitoka katika nchi ambayo tayari ilikuwa imeizoea desturi hiyo.

Hata saipresi yenyewe, ambayo wengi huidhani kuwa mti wa Kenya tangu zamani, asili yake ni Mexico na nchi za Amerika ya Kati. Ililetwa Kenya katika siku za ukoloni kwa ajili ya mbao, ikapatana na baridi ya milimani, ikaenea katika mashamba ya serikali na mipaka ya wakulima.

Mti bandia nao si jambo jipya. Wajerumani walianza kuutengeneza katika karne ya 19 kwa manyoya ya bata bukini yaliyotiwa rangi ya kijani, kwa sababu watu walikuwa wakikata miti mingi michanga kila Krismasi. Baadaye, kuanzia mwaka 1959, kiwanda kimoja cha Wisconsin, Marekani, kiliuza kwa wingi miti ya alumini iliyong'aa kama fedha. Ikapendwa kwa miaka michache, kisha ikaachwa. Miti bandia ya leo ni ya plastiki na waya, na mingi sana hutengenezwa China.

Basi asiwepo wa kumcheka mwenzake kwamba huyu ni mshamba na yule amesahau kwao. Lililo muhimu ni kujua gharama ya kila mti na ni nani atakayeilipa.

GHARAMA YA MTI WA PLASTIKI

Wazo la kijana wa Mombasa, kwamba mti utumikao miaka mingi ni nafuu kuliko ukatwao kila mwaka, si wazo baya. Lakini ni la kweli kwa sharti moja: mti huo utumike kweli miaka mingi.

Shirika liitwalo Carbon Trust la Uingereza lilipima madhara ya miti hii kwa kukadiria gesi zipashazo dunia joto, zikihesabiwa kama uzito wa hewa ya ukaa. Liliona kwamba mti wa plastiki wenye urefu wa mita 2 hugharimu kilo 40 hivi, maana plastiki hutokana na mafuta ya petroli, hutengenezwa kwa moto wa viwanda na husafirishwa kwa meli. Mti wa kweli wa urefu huohuo, ukichomwa baada ya sikukuu, hugharimu kilo 3.5 hivi. Ukitupwa jaani ukafukiwa na kuoza pasipo hewa, hufika kilo 16, kwa kuwa huko hutoa gesi ya methani.

Mtu akigawanya 40 kwa 3.5 ataona kwamba mti wa plastiki lazima usimame sebuleni Krismasi 11 au 12 ndipo ulingane na ule wa kweli unaochomwa. Na hesabu hiyo ni ya Uingereza, ambako mti wa kweli nao husafirishwa kwa lori mpaka sokoni. Wusi, mti wa mpakani huletwa begani, na baada ya sikukuu huwa kuni za jikoni. Hivyo plastiki ina deni kubwa zaidi la kulipa.

Tena liko swali la mzee: ukivunjika utatupwa wapi? Mwaka 2017, tarehe 28 Agosti, Kenya ilianza kupiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, kwa sababu ilikuwa imejaa mitaroni na matumboni mwa mifugo. Mti wa Krismasi haukuguswa na amri hiyo, lakini ni plastiki vilevile. Majani yake aghalabu ni ya aina iitwayo PVC, ambayo ikichomwa uani hutoa moshi wenye sumu. Mama apikaye karibu na moto huo na watoto wachezao hapo ndio watakaouvuta.

GHARAMA YA MTI WA KWELI

Lakini mzee naye asijione kuwa ameshinda. Neno "mti wa kweli" lina maana mbili katika Taita: uko mti uliopandwa na mtu, na uko mti wa msitu wa asili.

Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Finland, walilinganisha picha za milima ya Taita zilizopigwa kutoka angani mwaka 1955 na zile za mwaka 2004. Waliona kwamba katika muda huo nusu ya msitu wa asili ilikuwa imetoweka, yaani hekta 260 hivi. Hata hivyo, eneo lote lenye miti halikupungua sana, kwa kuwa misonobari, mikaratusi, saipresi na miti mingine ya kigeni ilipandwa palipokuwa wazi. Mtu atazamaye kutoka barabarani huona kijani na kudhani mambo ni salama, kumbe kijani hicho kimebadilika.

Misitu ya asili iliyobaki ni vipande vidogo. Msitu wa Chawia, usio mbali na Wusi, una hekta zisizofika 100. Ngangao una 120 hivi. Katika vipande hivi wamo ndege wasiopatikana mahali pengine popote duniani, na huko Mbololo liko ua la zambarau ambalo kwao ni mlima huo tu. Zaidi ya hayo, misitu hiyo hunasa ukungu utokao upande wa bahari, matone yakashuka ardhini na kulisha vijito. Mto Voi huanzia katika milima hii, kwa hiyo mtu akataye mti juu hugusa maji ya watu walio bondeni.

Wazee wa zamani walilijua jambo hili kwa njia yao. Walitenga fighi, yaani misitu mitakatifu ya kuilinda nchi, na humo hapakukatwa mti ovyo. Ni ajabu kama mjukuu wao, kwa kutafuta pambo la wiki moja, ataingia msituni na kung'oa podo changa ambalo lingeishi kuliko yeye na watoto wake. Msitu hauishi kwa shoka la mtu mmoja. Haba na haba hujaza kibaba, na haba na haba vilevile hukimaliza. Isitoshe, kukata mti katika msitu wa umma bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Misitu ya mwaka 2016.

NJIA YA TATU

Kwa bahati njema, mkulima mwenye saipresi hana haja ya kuchagua kati ya kuua mti na kununua plastiki. Saipresi ikuzwayo kwa mbao yapasa kupogolewa. Matawi ya chini yakiachwa, huacha vifundo ndani ya shina, na ubao wenye vifundo vingi hauna bei. Hivyo tawi lililo zuri kwa Krismasi ni tawi ambalo hata Bwana Misitu angetaka liondolewe.

Afanye hivi. Achague tawi pana la nusu ya chini ya mti. Nusu ya juu iachwe, maana majani yake ndiyo yanayoulisha. Atumie msumeno, si panga. Aanze kwa kukata kidogo upande wa chini wa tawi, kisha amalizie kwa juu, ili gome lisichanike. Akate karibu na shina bila kuacha kisiki. Kilele kisiguswe kamwe: saipresi iliyokatwa kichwa huota vichwa viwili au vitatu, na miaka ya kungojea mbao huwa imepotea bure. Mti wa mbao nzuri huchukua miaka 30 hivi.

Atakaye mti mzima aupate katika kupunguza. Saipresi zikipandwa kwa nafasi ya mita 2.5 kila upande, hekta moja huwa na miti 1,600, nayo haiwezi kunenepa yote. Ile myembamba au iliyopinda yafaa kutolewa ili mingine ipate nafasi. Huo uliopinda, ukifungwa utepe na kuwekwa pembeni mwa chumba, hakuna atakayeona kasoro yake.

Kabla ya kuleta tawi nyumbani, au kumpelekea rafiki wa kijiji kingine, na aligeuze alitazame. Mwaka 1990 waliingia Kenya vidukari wafyonzao utomvu wa saipresi, wakaharibu miti na ua nyingi. Tawi lenye majani ya hudhurungi, lililo na wadudu wadogo waliosongamana na unatounato juu ya majani, lisisafirishwe, lichomwe hapohapo.

Ndani ya nyumba, tawi liwekwe katika debe la mchanga uliolowa, na maji yaongezwe kila siku. Saipresi ikikauka hushika moto upesi sana. Kwa hiyo mshumaa, koroboi na jiko la makaa vikae mbali nayo. Likianza kupukutika, kazi yake imekwisha, nalo lipelekwe jikoni.

Iko njia nyingine iliyo bora kuliko zote kwa mwenye subira. Mche wa podo au wa mti mwingine wa asili, ulionunuliwa katika kitalu halali, waweza kukuzwa katika ndoo iliyotobolewa, ukaingizwa ndani siku chache tu za sikukuu, kisha ukapandwa karibu na chemchemi ardhi ingali na unyevu wa vuli. Nyumba ifanyayo hivyo miaka 10 itakuwa na miti 10 ambayo kila mtoto anaijua kwa mwaka wake.

JE, NA LILE SANDUKU?

Mti wa plastiki uliokwisha kununuliwa usitupwe, maana kuutupa ni kuongeza hasara juu ya hasara. Ukunjwe vizuri, uhifadhiwe mahali pakavu, utumiwe mwaka baada ya mwaka. Kwa mtu aishiye chumba kimoja mjini, asiye na shamba wala saipresi, huo waweza kuwa wa kufaa, mradi aukusudie kuwa mali ya miaka mingi na si kitu cha kubadilisha kila rangi mpya itokeapo dukani.

Basi mzee wa Wusi na mwanawe waweza kupatana bila mmoja kumshinda mwenzake. Kijana arudi Mombasa na sanduku lake, aukunjue mti wake huko kila Desemba, mpaka watoto wake wawe wakubwa. Mzee naye amwite mjukuu, ampe msumeno mdogo, waende pamoja mpakani. Huko amwonyeshe tawi la kukatwa, na kilele cha kuachwa. Somo hilo la dakika chache litakaa na mtoto muda mrefu kuliko pambo lolote, na miti ya mpakani itakuwapo kulithibitisha.