Madini Mazito Yanayopanda na Povu

Galena, madini yanayotoa risasi, ni mazito mara saba na nusu kuliko maji, lakini kiwandani hupanda na povu huku mchanga mwepesi ukibaki chini. Uzito hauna usemi hapa. Kinachoamua ni uso wa chembe: unapenda maji au unayakimbia?

Mbale, yaani mawe yenye madini, husagwa kinuni hadi chembe zifikie kama sehemu ya kumi ya milimita, maana madini yaliyong'ang'ania mwamba hayatenganishiki. Unga huo, ukiwa uji mwembamba, hutiwa zanthati, kemikali ya manjano hafifu inayonuka. Gramu makumi kadhaa tu hutosha tani nzima. Molekuli yake ina kichwa chenye salfa, kinachoshika uso wa madini ya salfaidi (yenye salfa) kama galena, na mkia usiotaka maji. Kisha uji huingia kwenye tangi lenye mapanga yanayokoroga na kusambaza hewa. Chembe iliyovikwa mikia hiyo ikigusana na kiputo, hunasa na kupanda nacho. Kwatzi, yaani ule mchanga mwepesi, haivikwi chochote, hivyo hutoka chini kama marudio, yaani mabaki. Juu, povu zito lenye mng'ao wa madini humwagikia mferejini, na fundi mzoefu hulitazama rangi na ukubwa wa viputo kabla hajasubiri majibu ya maabara.

Kazi ngumu ni kutenganisha salfaidi na salfaidi. Chokaa ikiongezwa, piraiti (salfaidi ya chuma) hukaa chini na shaba hupanda. Penye risasi na zinki, salfeti ya zinki huizuia zinki mpaka risasi iishe kukombwa. Ndipo mrututu (salfeti ya shaba) unapotiwa, shaba yake ikajipaka kwenye chembe za zinki, na zanthati ikapata pa kushika.

Mbinu ya povu ilikomaa Broken Hill, Australia, mwanzoni mwa karne ya 20, ambako zinki nyingi ilikuwa imelala kwenye vichuguu vya mabaki. Enzi hizo ilitegemea mafuta. Zanthati ilipata hataza ya Cornelius Keller nchini Marekani mwaka 1925.

Watanzania wengi walilizoea neno makinikia mwaka 2017, serikali ilipozuia kuyasafirisha nje. Yale ya mgodi wa Bulyanhulu ni povu hilihili lililokamuliwa maji: unga wenye shaba na dhahabu, ambao bado unahitaji tanuru la kuyeyushia.