Sungusungu wa Ubongoni

Paukwa!

Pakawa. Haya, sauti bado ndogo, lakini kwa watoto mliozaliwa hapa Scarborough, Toronto, si haba. Leo hadithi yangu haina sungura wala fisi. Ina panya, tena panya wa maabara, na tutamfikia.

Kule kwetu pwani, mtoto akipandwa na homa kali, macho yakageuka, mwili ukakakamaa na kutetemeka, wazee walisema ni degedege. Wengi waliamini kwamba shetani mwenye umbo la ndege kampitia. Mtoto akapelekwa kwa mganga, saa zikapita. Mara nyingi ilikuwa malaria iliyopanda kichwani. Mimi siwacheki wazee wale, maana waliona sawasawa kwamba kuna kitu kimemvamia mtoto. Ila mvamizi mwenyewe, na hapa ndipo pa ajabu, haingii kwenye ubongo.

Sikilizeni. Kimelea cha malaria, yule mkali aitwaye Plasmodium falciparum, hujificha ndani ya chembe nyekundu za damu. Chembe aliyomo hunata kwenye kuta za mishipa midogo. Zikinata nyingi katika mishipa ya kichwani, damu hupita kwa shida, kuta hudhurika na kuanza kuvuja, na ubongo huvimba. Kimelea kabaki ndani ya mshipa, na seli za neva ziko ng'ambo ya ukuta. Basi nani anaziua?

Ubongo una walinzi wake, seli ziitwazo maikroglia. Siku za amani hunyoosha mikono yao myembamba, wakapapasa huku na huku, wakazoa taka. Hata hutoa protini za kuzisaidia neva ziishi, na mojawapo huitwa BDNF. Ikija habari ya hatari, mikono hufupika, mwili hutuna, na wanaanza kumwaga kemikali za kupigana. Ni kama sungusungu wa kijijini. Likipigwa yowe la mwizi wakatoka na marungu, mwizi akakamatwa, wakarudi kulala, kijiji kimepona. Lakini wakikesha wiki nzima na hasira zao, wataanza kuvunja milango ya watu wasio na hatia.

Asiye na hatia hapa ni seli ya neva. Katika vurugu hiyo huweza kuzidi glutamati, kemikali ambayo neva huitumia kila siku kupelekeana habari. Ikizidi, kalsiamu humiminika ndani ya seli, na mitokondria, zinazoipa seli nguvu, huharibika. Seli nyingine hupasuka. Nyingine hufa kwa utaratibu, hujikata vipande vipande kimya kimya, na walinzi walewale wakaja kuzizoa.

Tena fuvu halitanuki. Ubongo ukivimba sana hukandamiza sehemu ya chini inayoamuru pumzi. Huko Malawi, madaktari waliwapiga picha za ubongo watoto wenye malaria ya kichwani, na mwaka 2015 wakatangaza walichokiona: kati ya watoto 25 waliofariki, 21 walikuwa na uvimbe mkubwa.

"Bibi, si kuna dawa?"

Ipo, mjukuu wangu. Sindano ya artesunate humuua kimelea kwelikweli. Lakini huko Kampala watafiti waliwafuatilia watoto waliopona malaria ya kichwani, na mwaka 2008 wakaeleza kwamba miaka miwili baada ya ugonjwa, karibu mtoto mmoja katika kila wanne alikuwa na upungufu fulani wa akili, kama vile wa kumbukumbu au wa kutuliza mawazo. Kwa watoto wa mitaa ileile ambao hawakuugua, wenye upungufu huo hawakufika hata mmoja katika kumi. Mwizi kafa, milango imekwisha kuvunjwa.

Sasa twende hapa hapa Toronto, mji usio na mbu wa malaria. Dakta Kevin Kain wa Hospitali Kuu ya Toronto alizoea kuwaona wasafiri, wakiwemo watu wetu waliokwenda kusalimia nyumbani wakarudi na homa. Yeye na wenzake, akiwemo Lena Serghides, walijiuliza: mbali na kumpiga kimelea, je, tunaweza kuwatuliza walinzi? Wakachukua rosiglitazone, dawa ya kisukari. Dawa hiyo hupunguza kuwaka kwa mwili.

Panya wakaambukizwa. Dalili za ubongo zilipoanza, wengine walipewa dawa ya malaria peke yake, wengine wakaongezewa hiyo ya pili. Waliopewa zote mbili walipona zaidi. Ndani ya ubongo wao BDNF iliongezeka, na kuta za mishipa zilitulia. Miezi miwili baadaye, wale wa dawa moja walishindwa vipimo vya akili na ubongo wao ulikuwa umesinyaa. Wa dawa mbili walikuwa wazima. Hayo yalichapishwa mwaka 2014.

Panya si mtoto, najua mtanikumbusha. Ndiyo maana dawa hiyo ilipelekwa Manhiça, Msumbiji, ikajaribiwa kwanza kwa watoto wenye malaria isiyo kali, kuona tu kama miili yao inaivumilia. Waliivumilia. Lakini wodini, mtoto mwenye degedege la malaria bado hutibiwa kwa artesunate, na jambo la kwanza daktari analomuuliza mama ni lilelile: homa imeanza lini?