Kilele cha tatu kinanitosha

Januari 2024, siku ambayo matokeo ya KCSE yalitangazwa, mama mmoja aliingia kwenye saiba ninayofanyia kazi hapa Nyeri mjini. Alikuwa amemshika kijana wake mkono kama mtu anayepeleka mtoto kudungwa sindano, na kijana mwenyewe alikuwa mrefu kunishinda. "Niangalilie, mwanangu," mama akaniambia. "Huyu anasema simu imekataa."

Simu haikuwa imekataa. Nikaingiza namba, ukurasa ukafunguka: C. Sio C+, ni ile C tupu. Mama akaitazama skrini kwa muda, halafu akauliza, "Sasa hii ni ya nini?"

Sikuwa na jibu. Akanigeukia mimi. "Na wewe ulipata nini?" Nikamwambia C+. "Ukaenda chuo?" Nilienda. "Ukamaliza?" Sikumaliza. Akanitazama, akatazama printa, akatazama karatasi ya bei niliyobandika ukutani, kisha akacheka. Kijana naye akacheka. Mimi nilicheka wa mwisho, kwa sababu ningefanya nini?

Nilitoka chuoni mwaka wa pili. Karo ilichangia, lakini nisiwadanganye, haikuwa karo peke yake. Nilikuwa mwanafunzi wa katikati kwenye kozi niliyochaguliwa na watu wa nyumbani kwa sababu jina lake linasikika vizuri likitajwa harusini. Nikarudi nikiwa nimejiapiza kuomoka kwa njia nyingine. Nilifuga kuku, wakafa. Nikaanza video za kuchekesha. Ile iliyofanya vizuri kuliko zote ilitazamwa mara 312, na nina hakika mara 50 hivi ni shosho, maana hajui kuizima.

Wakati huo wote, kila nikifungua simu asubuhi nakutana na msee wa umri wangu ameegemea gari, ananiambia kwamba kama bado nalala saa kumi na moja alfajiri basi nimechagua umaskini. Mazee, mimi niliamka saa kumi usiku kwa wiki tatu nzima. Kilichobadilika ni kwamba nilisinzia kazini.

Basi yule mama alipoondoka nilitafuta hesabu. Watahiniwa wa KCSE ya 2023 walikuwa zaidi ya 899,000. Waliopata A tupu ni 1,216. Waliopata C+ kwenda juu, yaani walioweza kuomba nafasi ya digrii, ni 201,133. Ukiweka watahiniwa kumi kwenye foleni, karibu wanane hawakufika hapo. Yule kijana aliyekuwa akitazama viatu vyake kwenye saiba yangu alikuwa amewapita wenzake wengi nchini, na nyumbani kwao ni kama kuna matanga. Televisheni siku hiyo zilikuwa zimejaa watoto waliobebwa juu juu huku wakiimbiwa. Sina ubaya nao, walisoma. Ila wale wengine laki nane na kitu pia walirudi nyumbani jioni ile wakala chakula, na hakuna aliyewaambia neno la maana kuhusu kesho.

Ukiwa umezaliwa huku kwetu, presha ni mara mbili. Kibaki alitoka Othaya akawa Rais. Wangari Maathai alitoka Ihithe, kwa miche tu akashinda Nobeli mwaka 2004. Catherine Ndereba ni wa hapa Nyeri na ameshinda Boston Marathon mara nne. Dedan Kimathi sihitaji kueleza. Shosho akitaka kunisuta haendi mbali, anataja mmoja wao halafu ananyamaza. Sijawahi kusikia mtu akitaja majirani wa Kibaki pale Othaya, waliochuma chai na kahawa, wakasomesha watoto, wakafa wakidaiwa kidogo tu. Na hao ndio Othaya yenyewe.

Kilichonigeuza kichwa ni mlima. Binamu yangu hubeba mizigo ya watalii akitokea Naro Moru, na mwaka uliofuata alinipatia nafasi niende na kikundi kimoja kama mbebaji wa ziada. Siku ya kwanza hadi Met Station, siku ya pili tukavuka lile eneo la matope linalomeza viatu, tukafika Mackinder's Camp, mita 4,200 hivi. Kichwa kilikuwa kinagonga kama posho mill. Saa nane usiku tukaamshwa, tukapanda kwenye mawe na baridi ya kukata masikio, na jua likichomoza tulikuwa Point Lenana.

Mlima Kenya una vilele vitatu vikubwa. Batian ni mita 5,199, Nelion ni 5,188, Lenana ni 4,985. Wawili wa kwanza ni ukuta wa mwamba, unahitaji kamba, vyuma na ujuzi. Lenana unafika kwa miguu yako, ukiwa mzima na mvumilivu. Ndiyo maana karibu kila mtu unayemjua anayesema "nimepanda Mlima Kenya" alifika Lenana. Kilele cha tatu! Na Batian haijifichi. Ukiwa Lenana asubuhi hakuna mawingu, iko pale mbele yako, juu yako, inakutazama. Nilitarajia wageni waisononekee. Wapi. Mama mmoja Mjerumani wa miaka kama 60 alikaa kwenye jiwe akalia kwa furaha, halafu akatugawia chokoleti wote, wabebaji na wageni.

Wakati wa kushuka binamu akanihadithia habari za Waitaliano, na baadaye nikaisoma mwenyewe. Januari 1943, wakati wa Vita vya Pili, wafungwa watatu wa vita, Felice Benuzzi, Giovanni Balletto na Vincenzo Barsotti, walitoroka kambi ya Waingereza pale Nanyuki. Hawakuwa wanakimbilia uhuru, hawakuwa na pa kwenda. Walikuwa wamechoka kuutazama mlima kupitia waya. Walijitengenezea vifaa kwa vyuma chakavu, na mchoro mmoja waliotegemea ulikuwa picha ya mlima kwenye lebo ya mkebe wa chakula. Walilenga Batian. Barsotti akaugua, akabaki chini. Wenzake wawili wakajaribu, theluji na mwamba vikawashinda, wakageuka. Wakapanda Lenana, wakasimika bendera ya Italia, wakashuka na kurudi kambini wenyewe, baada ya siku 18. Adhabu ilikuwa siku 28 kwenye seli. Mkuu wa kambi akaipunguza hadi siku saba, kwa kuheshimu walichofanya. Benuzzi aliandika kitabu ambacho wapanda milima wanakisoma hadi leo.

Hiyo ni hadithi ya watu waliokosa walichokwenda kutafuta. Nimeizungusha kichwani mara nyingi nikiwa nasubiri wateja.

Sasa najua kuna mtu hapo anasema, "Buda, huo ni uvivu umevaa suti." Nimeambiwa hivyo na rafiki yangu mmoja wa Nanyuki, na ana hoja. Kuwa wa kawaida Kenya si jambo la bei nafuu. Kwenye nchi nyingine mtu wa katikati ana bima, ana pensheni, akiugua anatibiwa. Hapa ukiwa wa katikati, ugonjwa mmoja wa mzazi unakushusha hadi chini na mnaanza kuchangisha kwenye WhatsApp. Kwa hivyo ninaelewa kwa nini kila mtu anataka kuwa yule mmoja. Wengi hatutafuti sifa, tunaogopa kuanguka. Mimi mwenyewe nisingeweza kuandika haya mwaka ambao nilikuwa nadaiwa kodi ya miezi mitatu. Utulivu huu wangu umesimama juu ya kodi iliyolipwa, shilingi kidogo kwenye chama, na mama ambaye bado ana nguvu za kwenda shambani. Moja ikitoka hapo, tutaongea lugha nyingine.

Lakini hofu ya kuanguka na hamu ya kuwa nyota ni vitu viwili, na nadhani vijana tumeuziwa cha pili kama dawa ya cha kwanza. Nimeona watu wakikopa kwenye simu kwa ajili ya kuonekana wameomoka. Mmoja tulisoma naye alikodisha gari la kwenda nalo Krismasi nyumbani Karatina, na Januari akawa anakwepa wenye deni pale stegi. Mimi Krismasi hiyo nilienda na matatu. Shosho hata hakuuliza nilikuja na nini, aliuliza kama nimekuja na mkate.

Tena ukiangalia vizuri, huku mlimani tulishawahi kumpenda mtu wa kawaida na tukampenda sana. Wahome Mutahi, mzaliwa wa Nyeri aliyefariki mwaka 2003, kwa miaka mingi aliandika safu ya Whispers gazetini kuhusu mwanamume asiye na kitu cha ajabu. Anapenda baa, mkewe anamweka sawa, watoto hawamheshimu sana, hela haitoshi. Taifa zima lilikuwa likisubiri Jumapili kujua jamaa huyu amejiingiza wapi tena. Alijiita mwana wa miteremko. Miteremko, sio kilele.

Siku zangu sasa ziko hivi. Nafungua saa mbili. Nawajazia watu fomu za kodi, naprinti eulojia, namsaidia mzee kupata nywila aliyoisahau mara ya nne. Jioni napita sokoni, nikifika nyumbani naandika kidogo. Wiki iliyopita mtu alinisimamisha barabarani akanishukuru kwa barua ya kazi niliyomsaidia kuandika. Kazi yenyewe ni ya ulinzi. Alikuwa amefurahi kweli, nami nikatembea hadi nyumbani bila kugusa simu.

Yule kijana wa C alirudi mwaka jana. Anasomea diploma ya umeme, alitaka kuprinti ripoti ya mafunzo ya kazini. Soketi ya printa ilikuwa inacheza tangu Agosti, nilikuwa nimeibana na kipande cha karatasi. Akainama, akaitazama, akatoa bisibisi mfukoni bila kuniuliza, akazima swichi kuu na kuikaza. Nikamwambia kurasa ni 12, shilingi 120.

"Fundi halipi," akasema.

Tulibishana pale karibu dakika tano. Akalipa 60.