GIZA LA GEMU LITUTISHE, LISITUPOFUE!

Washikaji wa gemu, wiki hii nataka tumalize ubishi unaozuka kila siku kwenye vibanda vya kuchezea: usiku ukiingia ndani ya gemu, giza liwe la kiasi gani? Nazungumzia zile gemu za dunia pana, ambazo mtu unazurura utakako, jua linachomoza na kuzama ukiliona.

Kuna jamaa wanataka giza totoro, eti ndiyo hali halisi. Haya, tuitazame hiyo hali halisi. Ukitoka kwenye mwanga mkali ukaingia gizani, macho huchukua karibu nusu saa mpaka yazoee sawasawa. Sasa angalia saa za kwenye gemu. GTA V, iliyotoka 2013, usiku na mchana wake kwa pamoja ni dakika 48 tu. Minecraft ni dakika 20. Yaani usiku unakwisha macho hata hayajajiweka sawa! Halafu pengine mlango wa kibanda uko wazi, jua la saa nane linapiga kwenye kioo. Utaona nini zaidi ya sura yako mwenyewe? Na dakika ulizolipia zinayoyoma.

Matokeo yake unayajua. Mtu anakamata rimoti, anapandisha mwanga wa runinga. Giza kwisha, woga kwisha, na utamu nao kwisha. Kama mnashindana, kila mtu na kioo chake, aliyepandisha mwanga anamwona mwenzake aliyeheshimu giza. Hapo si mchezo tena, ni ulaghai.

Sisemi usiku uwe mweupe kama mchana. Usiku wa rangi ya bluu tu, usiobadilisha lolote, ni pambo.

Waliopatia ni Capcom wa Japani, na Dragon's Dogma yao ya 2012. Humo giza ni giza kweli, lakini umepewa kandili. Kandili linakula mafuta, na ukizama kwenye maji linazimika. Kabla hujafunga safari lazima ujiulize: jua limebaki kiasi gani? Mafuta yatatosha? Techland wa Poland nao, kwenye Dying Light ya 2015, usiku wanakufungulia mazombi wakali kuliko wa mchana, ila pointi unazochuma zinakuwa mara mbili. Unaogopa, na bado unatoka!

Hukumu yangu ni hii: giza liwe zito kiasi cha kukutafutisha taa, basi. Taa iwe na gharama, mbalamwezi ipewe kazi yake, na aliyejiandaa aione njia. Giza linalokufanya ufikiri ni burudani. Linalokufanya ushike rimoti ni uzembe wa mtengenezaji.

Na wewe unayetaka weusi mtupu, zima runinga uangalie kioo. Hiyo ni bure!