Msamiati wa Vipimo vya Figo: Kreatinini, Uchujaji na Hatua za Ugonjwa Sugu

Karatasi ya majibu ya figo huwa fupi: mistari michache, tarakimu na vifupisho. Hata hivyo, ni miongoni mwa matini ngumu kufasiriwa kwa Kiswahili. Ugumu hautokani na uhaba wa maneno, bali na maneno yaliyopo kuwa na kazi nyingine katika lugha ya kila siku. *Kiwango*, *hatua*, *sugu*, *chanya* na *kusafisha* yanafahamika kwa kila mzungumzaji, na hapo ndipo penye mtego, kwani msikilizaji haulizi maana ya neno analodhani analijua. Makala haya yanaeleza vipimo vyenyewe na kuonyesha neno lipi lifae wapi.

Figo na kazi ya kuchuja

Neno *figo* limezoeleka kuliko *nso*, neno la zamani lenye maana hiyohiyo. Upatanisho wake unayumba: husikika *figo limeathirika* na *figo imeathirika*, na katika wingi *mafigo yameathirika* na *figo zimeathirika*. Ngeli yoyote itakayoteuliwa haina budi kushikiliwa hadi mwisho wa matini, kwa kuwa kiambishi ndicho kinachomjulisha msomaji kama figo iliyoathirika ni moja au ni zote mbili.

Kila figo ina nefroni zipatazo milioni 1, na kila nefroni huanza na fundo la mishipa myembamba ya damu liitwalo glomeruli, ambalo ndilo kichujio. Figo za mtu mzima mwenye afya huchuja takriban lita 180 za majimaji kwa siku. Karibu yote hurudishwa katika damu, na lita 1 hadi 2 tu hutoka kama mkojo. Kwa hiyo wingi wa mkojo hautoshi kuonyesha hali ya uchujaji: mtu aweza kukojoa kama kawaida ilhali vichujio vyake vimepungukiwa nguvu.

Kitenzi *chuja* kimezaa *uchujaji* na *mchujo*. Mchujo umekwisha kutwaliwa na mashindano, usaili na kura za maoni za vyama, ambako watu huchujwa mpaka wabaki wachache. Kwa kazi ya figo, neno lifaalo ni *uchujaji*.

Kimoja kikipanda, kingine hushuka

Kreatinini ni taka itokanayo na kazi ya kawaida ya misuli. Huingia katika damu kila siku, na figo huitoa kupitia mkojo. Figo zikilegea, kreatinini hubaki na kulimbikizana katika damu. Hivyo kipimo hiki hakiigusi figo moja kwa moja. Hupima kile ambacho figo imeshindwa kukitoa.

Kutokana na kreatinini, pamoja na umri na jinsia, maabara hukokotoa tarakimu ya pili, ambayo kwenye karatasi huandikwa eGFR. Kwa Kiswahili yafaa kuitwa *kadirio la kasi ya uchujaji*. *Kasi* ni bora kuliko *kiwango* kwa kuwa kinachotajwa ni ujazo kwa muda: mililita kwa dakika, zikilinganishwa na eneo la mwili la mita za mraba 1.73. Neno *kadirio* nalo lisidondoshwe, maana tarakimu hiyo imekokotolewa, haikupimwa.

Tarakimu hizi mbili huenda kinyume. Kreatinini ikipanda, kasi ya uchujaji hushuka. Sentensi kama "kiwango cha figo kimepanda" kwa hiyo haina maana ya uhakika. Mgonjwa mmoja ataisikia kuwa ni habari njema, mwingine kuwa ni msiba, na wote wawili watakuwa wameitegemea sarufi ileile. Mfasiri hana budi kutaja kilichopanda: "kreatinini katika damu imepanda" au "kasi ya uchujaji imepanda".

Mfano waonyesha kwa nini zote mbili zahitajika. Chukulia mwanamke wa miaka 60 na mwanamume wa miaka 25, kila mmoja akiwa na kreatinini ya mikromoli 124 kwa lita. Kwa kanuni ya ukokotoaji ya mwaka 2021 iitwayo CKD-EPI, kadirio la mwanamke ni 43, na la mwanamume ni 71. Damu zao zina kipimo kimoja cha kreatinini, lakini mwanamke yumo katika kundi la upungufu mkubwa zaidi. Kijana kwa kawaida ana misuli mingi, na misuli mingi huzalisha kreatinini nyingi bila figo kuwa na dosari. Kanuni za awali zilizotumika Marekani ziliongeza pia kizidishio kwa watu Weusi, na ile ya 2021 ilikiondoa. Ndiyo maana majibu ya zamani ya huko huweza kuwa na mistari miwili ya kadirio, na mapya yakawa na mmoja.

Vizio navyo visiachwe. Miligramu 1 kwa desilita ni sawa na mikromoli 88.4 kwa lita. Mgonjwa aliyepewa 1.4 katika maabara moja na 124 katika nyingine hajazidiwa. Amesomewa jambo lilelile kwa vizio viwili. Kosa jingine ni kuigeuza kasi ya uchujaji kuwa asilimia. "Figo zako zinafanya kazi kwa asilimia 43" ni maelezo ya kurahisisha ambayo huweza kufaa mdomoni, lakini katika tafsiri iliyoandikwa si sahihi.

Hatua za ugonjwa

Mgawanyo wa hatua tano ulitolewa Marekani mwaka 2002. Mwongozo wa kimataifa wa KDIGO wa mwaka 2012 uliigawa hatua ya tatu katika sehemu mbili na kuongeza kigezo cha albumini katika mkojo. Kwa kasi ya uchujaji, mgawanyo ni huu:

- Hatua ya 1: 90 au zaidi
- Hatua ya 2: 60 hadi 89
- Hatua ya 3a: 45 hadi 59
- Hatua ya 3b: 30 hadi 44
- Hatua ya 4: 15 hadi 29
- Hatua ya 5: chini ya 15

Mambo mawili husahauliwa mara nyingi. Kwanza, hatua ya 1 na ya 2 si ugonjwa kwa tarakimu peke yake. Sharti pawepo dalili nyingine ya madhara, kama albumini katika mkojo au kasoro inayoonekana katika picha ya ultrasaundi. Pili, hali hiyo iwe imedumu kwa zaidi ya miezi 3. Kipimo kimoja cha siku moja hakitoshi kumweka mtu katika hatua yoyote.

Neno *hatua* limekubalika, lakini lina maana mbili zinazoweza kugongana hapa: sehemu ya mwendo, na jambo litendwalo, kama katika *kuchukua hatua*. "Uko katika hatua ya kwanza" laweza kusikika kuwa mgonjwa ndiyo kwanza anaanza matibabu, na "umefika hatua ya nne" likasikika kama maendeleo mema. Dawa ni kukamilisha kirai: *hatua ya nne ya ugonjwa*. *Awamu* haifai sana, kwa kuwa hudokeza vipindi vinavyopokezana kama awamu za serikali. *Daraja* lina faida ya kutodokeza safari, kwani si kila mgonjwa wa hatua ya 3 atafika ya 5. Hata hivyo, *hatua* limeenea zaidi, na mfasiri ataeleweka upesi akilitumia kwa ukamilifu.

Chanya isiyo habari njema

Albumini ni protini ambayo kichujio kizima huizuia isipite. Ikionekana kwa wingi katika mkojo, kichujio kimeanza kuvuja, hata kama kasi ya uchujaji bado ni nzuri. Hupimwa kwa uwiano wa albumini na kreatinini katika mkojo: chini ya miligramu 30 kwa gramu ni kawaida au ongezeko dogo, 30 hadi 300 ni ongezeko la wastani, na zaidi ya 300 ni ongezeko kubwa. Izingatiwe kuwa kreatinini hii ni ya mkojo, si ile ya damu.

Katika kipimo cha kijiti, majibu huandikwa *chanya* au *hasi*. Katika mazungumzo, *mtazamo chanya* ni jambo la kusifiwa, na "majibu ya protini ni chanya" yaweza kumfurahisha asiyepaswa kufurahi. "Protini imeonekana katika mkojo" ni ndefu kidogo, lakini haimdanganyi mtu.

Sugu, kushindwa, kusafisha

*Sugu* kwa asili ni ngozi iliyokomaa kwa kusuguliwa. Kutokana na hiyo tunapata *mhalifu sugu*, asiyeonyeka, na *usugu wa vimelea*, hali ya kutosikia dawa. Hivyo *ugonjwa sugu wa figo* ni istilahi sahihi, lakini huweza kumwambia mgonjwa kuwa dawa hazina maana kwake. Kumbe kinachokusudiwa ni muda tu, na kudhibiti shinikizo la damu na kisukari huweza kupunguza kasi ya kudhoofika kwa figo. Inapotajwa mara ya kwanza, istilahi hiyo ifuatwe na maelezo: *ugonjwa sugu wa figo, yaani uliodumu zaidi ya miezi 3*.

*Kushindwa kwa figo* (au *kufeli*, katika mazungumzo) kuhifadhiwe kwa hatua ya 5 ya ugonjwa, au kwa *kushindwa kwa ghafla*, ambako figo huweza kurejea katika kazi yake. Kumwambia mgonjwa wa hatua ya 3 kuwa figo zake "zimefeli" ni kosa la istilahi lenye uzito wa hukumu.

La mwisho ni *kusafisha damu*, jina la kawaida la dayalisisi. Ni jina zuri na linaeleza kazi yenyewe. Lakini dawa nyingi za miti shamba hunadiwa kwa maneno hayohayo, kwamba husafisha damu au figo. Mgonjwa aliyeandikiwa tu "kusafisha damu" aweza kuamini kuwa amekwisha kusafishwa kwa chupa ya sokoni. Basi njia itajwe: *kusafisha damu kwa mashine*, au *kupitia utando wa tumbo*.

Kwa muhtasari, badala ya "kiwango cha figo kimepanda, uko hatua ya tatu, ni sugu", iandikwe: "Kreatinini katika damu imepanda, na kadirio la kasi ya uchujaji limeshuka hadi 43. Hali hii imedumu zaidi ya miezi 3, hivyo ni hatua ya 3b ya ugonjwa sugu wa figo." Sentensi ya pili ina maneno mengi zaidi. Lakini mgonjwa akifika nalo nyumbani jibu hilo, atajua nini kimepanda, nini kimeshuka, na kwamba bado hajaambiwa kuwa figo zake zimeshindwa.