Nani Atachora Uwanja wa Tabora?

Tabora ilirudi Ligi Kuu msimu wa 2023/24, miaka tisa tangu Rhino Rangers washuke daraja. Timu iliyopanda iliitwa Kitayosce, ikageuka Tabora United, na mwaka 2025 ikawa TRA United. Majina yamebadilika, uwanja umebaki uleule: Ali Hassan Mwinyi, ambao kama vilivyo viwanja vingi vya mikoani ni mali ya Chama Cha Mapinduzi, na klabu ni mpangaji tu.

Mpira wenyewe siku hizi una bei inayojulikana. Mwaka 2021 Azam Media na TFF walisaini mkataba wa haki za matangazo wa miaka 10 wenye thamani ya Sh225.6 bilioni. Mchezaji ana bei, kocha ana bei, jezi ina bei. Kitu ambacho mikoani hakijapata mtu wa kukilipia ni mchoro wa uwanja, na ndiyo maana Bodi ya Ligi inapofungia uwanja fulani kwa ubovu, jibu la haraka huwa ni nyasi mpya na rangi mpya. Mbunifu majengo haitwi. Akiitwa, anakuta mkandarasi keshaingia saiti.

Ukanda mzima wa Afrika Mashariki uko kwenye msimu wa kujenga viwanja. Septemba 27, 2023 CAF ilizipa Kenya, Uganda na Tanzania fainali za AFCON 2027, na kazi zikaanza kumiminika. Arusha inajengewa uwanja wa watazamaji 30,000 na kampuni ya China Railway Construction Engineering Group. Amaan ya Zanzibar, iliyojengwa mwaka 1970 kwa msaada wa China, ilifumuliwa na Orkun ya Uturuki na kufunguliwa upya Desemba 2023. SUMMA, nayo ya Uturuki, iliijenga upya Amahoro ya Kigali hadi watu 45,000 mwaka 2024, kisha ikapata kazi ya Hoima, Uganda. Nairobi, uwanja wa Talanta wenye viti 60,000 ulikabidhiwa China Road and Bridge, na mwaka 2025 hatifungani ya takriban Sh44.8 bilioni za Kenya ya kuugharamia iliorodheshwa kwenye Soko la Hisa la Nairobi.

Orodha hiyo yote ni ya makandarasi. Jina la mbunifu halitajwi kwenye jiwe la msingi wala kwenye hotuba, na si kwa bahati mbaya. Kazi kubwa za aina hii hutolewa kwa mtindo wa kusanifu na kujenga: mkandarasi anakuja na wachoraji wake, wahandisi wake, wakati mwingine hadi mkopo wake, na mwenye mali anapokea funguo. Unapata kasi. Ukumbi wa mpira wa kikapu wa Kigali ulisimama ndani ya miezi sita mwaka 2019, na SUMMA haikuhitaji tangazo jingine baada ya hapo. Kinachokosekana ni mtu anayelipwa na mwenye mali, wala si na mjenzi, wa kuuliza kwa nini jukwaa limewekwa upande ule.

Kisheria Tanzania haiko uchi. Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi ipo tangu sheria ya mwaka 1997, iliyoandikwa upya mwaka 2010, na kampuni ya nje haiwezi kuja kuchora hapa bila kupitia milango yake. Chuo Kikuu Ardhi kinatoa wahitimu kila mwaka. Tatizo liko kwenye mgawanyo wa kazi. Ofisi ya kizalendo ikibahatika huingia kama mshauri elekezi: inapitia michoro iliyochorwa kwingine, inahudhuria vikao vya saiti, inaidhinisha malipo. Ni kazi halali na inalipa kodi ya ofisi, ila haiachi ujuzi. Uwanja wa Benjamin Mkapa ulifunguliwa mwaka 2007 ukiwa na viti 60,000, umejengwa na Beijing Construction Engineering Group. Ulipofika wakati wa kuukarabati miaka 16 baadaye, kampuni ileile ndiyo iliyorudi.

Ili kuona biashara hii inavyoweza kukua kwa njia nyingine, inabidi kwenda mbali kidogo, kwenye mchezo ambao Tabora haina habari nao. Besiboli imeingia Tanzania juzijuzi tu, na Wajapani ndio walioileta, wakafungua uwanja wake pale Sekondari ya Azania, Dar es Salaam, mwaka 2018. Huko Marekani ni mchezo wa klabu zenye nyumba kubwa, na nyumba hizo kwa sehemu kubwa zimechorwa na watu wa mji mmoja. Mji huo si New York. Ni Kansas City, mji wa reli na minada ya ng'ombe katikati ya nchi, mbali na bahari zote mbili.

Ilianzia kwenye kazi moja. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakati miji mingine ilikuwa ikimwaga bakuli moja la zege litumike kwa michezo miwili, kampuni ya pale pale Kansas City, Kivett and Myers, ilichora viwanja viwili kando kwa kando: wa futiboli ya Kimarekani, uliofunguliwa 1972, na wa besiboli, uliofunguliwa 1973. Waliojifunza kwenye kazi ile walisambaa katika ofisi nyingine za mji. Mwaka 1983 baadhi yao, akiwemo Ron Labinski, walianzisha kitengo cha michezo ndani ya kampuni ya HOK, na mwaka 2009 kitengo hicho kikajitenga na kuitwa Populous. Leo ukitaja uwanja mkubwa popote duniani, uwezekano ni mkubwa kwamba walihusika.

Kazi iliyowatangaza ni uwanja wa besiboli wa Camden Yards, Baltimore, uliofunguliwa Aprili 1992. Klabu ya Orioles iliajiri mbunifu wake yenyewe, Janet Marie Smith, akae upande wa mwenye nyumba, na mengi mazuri ya uwanja ule yalitokana na yeye na wenzake kubishana na wachoraji. Eneo lilikuwa yadi ya zamani ya treni katikati ya mji. Pembeni palikuwa na ghala la reli la matofali, refu zaidi ya mita 300. Badala ya kulibomoa waliliacha, wakaligeuza ofisi na maduka, na mtaa uliopita kati ya ghala na uwanja, Eutaw, ukawa njia ya wazi siku za kawaida na sehemu ya uwanja siku ya mechi. Miji mingi ilifuata: klabu zikatoka kwenye mabakuli ya zege pembezoni zikarudi mjini. Nisipambe mno, kwa sababu wachumi wa Marekani wamesema kwa miaka mingi kuwa fedha ya umma inayozamishwa katika viwanja hivi hairudi kama wanasiasa wanavyoahidi. Ninachokitolea mfano hapa ni ofisi za wachoraji, si hesabu za halmashauri ya Baltimore.

Afrika nayo imewahi kupata dili zuri zaidi ya lile la kusanifu na kujenga. FNB ya Johannesburg, ule uwanja wenye sura ya chungu uliochezewa fainali ya Kombe la Dunia 2010, ulichorwa na Boogertman + Partners ya Afrika Kusini wakishirikiana na Populous. Mwenyeji aliongoza, mtaalamu wa viti na njia za kutokea akaja kama msaidizi. Ofisi ya Dar inayotaka kuingia kwenye soko hili isingeomba zaidi ya hapo, na wala haihitaji kuanzia kwenye viti 60,000.

Ndiyo maana naiangalia Tabora. Viwanja vya AFCON vimeshagawanywa, lakini viwanja vya mikoani, vya watu 10,000 au 15,000, ni vingi na hakuna kampuni ya Istanbul inayovipigania. Na vina maswali ambayo mtu wa mbali hawezi kuyajibu akiwa kwenye kompyuta yake.

Chukua jua. Uwanja wa mpira hulazwa kaskazini hadi kusini ili makipa wasipofushwe, na watu wa besiboli wana kanuni yao ya kuelekeza mstari wa mpigaji mashariki-kaskazini-mashariki kwa sababu hiyohiyo. Sasa Tabora iko magharibi ya Dar kwa zaidi ya nyuzi sita za longitudo, na jua lake linachelewa kuzama kwa karibu nusu saa. Ratiba ya ligi inaandikwa kwa saa moja kwa nchi nzima. Mechi ya saa kumi jioni inayoanza Dar jua likianza kulegea, Tabora inaanza likiwa bado juu na kali, hasa Oktoba kabla mvua hazijakata joto. Mwenye tiketi ya mzunguko upande wa mashariki anapigwa usoni mechi nzima. Utawaona watu wameinua maboksi, kanga, hata kiatu, mkono mmoja juu na mwingine umeshika karanga. Kuezeka upande huo hakusaidii sana, kwani kufikia dakika ya 80 jua liko chini ya ukingo wa paa. Jibu la mchoraji ni kuhamisha watu: viti vingi viende upande wa magharibi, wakae wakilipa jua kisogo, na fedha yote ya paa iishie hapo. Upande wa mashariki pandeni miembe. Njia ya zamani ya misafara kati ya Bagamoyo na Ujiji ilijulikana kwa miembe yake, na walioipanda walijua wanachotafuta.

Kwihara, nje kidogo ya mji, liko tembe walilokaa Livingstone na Stanley mwaka 1872, leo jumba la makumbusho. Kuta nene za udongo, baraza pana. Naona hatari hapa: mtu atakuja kubandika sura ya tembe kwenye ukuta wa zege na kuiita utambulisho wa Unyamwezi. Chungu cha Johannesburg kilifaa kwa sababu ya bajeti ya Johannesburg. Tabora ichukue baraza lenyewe, yaani kivuli kirefu cha kusubiria, kununulia na kukwepea mvua.

Maji ni swali la pili. Mvua huanza Novemba na kuisha Aprili, ligi kwa kawaida huanza Agosti na kwenda hadi Mei. Kwa hiyo uwanja huohuo unahitaji kumwagiliwa nusu ya kwanza na kukamuliwa nusu ya pili. Mradi wa maji ya Ziwa Victoria uliofika mjini umepunguza kiu, lakini kunyweshea nyasi maji yaliyosafishwa na kusukumwa mamia ya kilomita kutoka Mwanza ni anasa. Paa la jukwaa kuu linaweza kuvuna. Beda Amuli, Mtanzania aliyefungua ofisi yake ya ubunifu majengo wakati fani hii ilikuwa bado ya wageni, alilifanya hilo Soko la Kariakoo katika miaka ya 1970: miavuli ya zege inayotoa kivuli, inayoshusha mvua hadi kwenye matangi chini ya ardhi. Kwa hiyo hoja kwamba kazi za aina hii hazijawahi kuchorwa na mtu wa hapa ina nusu karne tangu ikanushwe.

Kisha kuna fremu. Ukuta wa uwanja wa mkoani Tanzania ni mali: vinyozi, maduka ya vipuri, wakala wa fedha kwa simu, mama lishe. Fremu zinaleta kodi kila mwezi wakati mechi za nyumbani ni 15 tu kwa msimu. Nyingi zimejengwa bila mchoro wa pamoja, zimeziba njia za kutokea, zimegeuzia uwanja mgongo. Mtaa wa Eutaw ni fremu zilizochorwa mapema, basi. Mchoro mmoja ungeweza kuzipa milango miwili, mmoja wa barabarani na mmoja wa ndani unaofunguliwa siku ya mechi, na kuacha mapengo ya watu kutoka kwa dakika chache pakitokea tafrani. Asali ya Sikonge ingeuzwa kwa mashabiki waliokuja na reli. Treni ya zamani imefika hapa tangu 1912, na reli ya kisasa ya Makutupora–Tabora na Tabora–Isaka iko mikononi mwa Yapı Merkezi.

Gharama ya kuchora yote haya si ya kutisha. Tuseme ukarabati wa awamu ya kwanza ni Sh5 bilioni na ada ya timu nzima ya usanifu ni asilimia 6: hiyo ni Sh300 milioni, ikilipwa kwa hatua. Kikwazo ni nani anaitoa. Klabu haiwezi kuweka fedha hiyo kwenye ardhi isiyo yake, mdhamini hataki, na benki itaomba hati ambayo mpangaji hana. Chama, kwa upande wake, kinakusanya kodi ya fremu na mapato ya mlangoni bila kuona haraka ya kukopa. Hoja ya siku zote kwamba viwanja hivi vilijengwa kwa nguvu za wananchi enzi za chama kimoja, na hivyo virudi serikalini, ina uzito wake, lakini inaweza kuchukua miaka kufika popote.

Mkataba wa upangaji unaweza kuandikwa mapema zaidi. Hatifungani ya Nairobi ni ya miaka 15. Klabu yenye pango la muda kama huo, lililosajiliwa, linaloiruhusu kukusanya sehemu ya kodi ya fremu mpya, ina kitu cha kumwonyesha mkopeshaji na sababu ya kumlipa mbunifu kabla ya kumtafuta mkandarasi. Kipimo cha kwanza, cha udongo na mwinuko wa uwanja, kifanyike Septemba, ardhi ikiwa kavu.